Futi Elfu Moja na Mia Tano

Mume wangu Edrine ni rubani hodari mwenye ugonjwa mmoja: hawezi kumwambia mtu hapana. Ukimwomba shati, atakupa na vifungo vya akiba. Ndiyo maana, alipoanza kurusha ndege ya injini moja hapa Juba, nilimkalisha mezani, akiwa ameshiba na hana haraka, nikamwambia aandike mipaka yake. Akaandika: mawingu yakishuka chini ya futi elfu moja na mia tano, siruki. Nikilala chini ya saa saba, siruki. Uzito ukizidi, hata kwa mbuzi mmoja, siruki. Akatia sahihi, nami nikatia yangu. Tukapatana kwamba mipaka haibadilishwi uwanjani. Hubadilishwa nyumbani tu, kwa sahihi zote mbili.

Jumanne asubuhi mvua ilikuwa inanyemelea. Nilikuwa kibandani kwangu katika soko la Konyo Konyo nikipima maharage, mara bodaboda ikasimama, akashuka jamaa mrefu mwenye suti, matope hadi magotini.

"Wewe iko bibi ya Edrine?"

"Ndiye mimi."

Jina lake Majur. Saa nane mchana wazee wangekaa huko Yirol kumaliza mazungumzo ya mahari ya mchumba wake, Adau. Asipofika, wajomba walikuwa na mposaji mwingine tayari. Mawingu yalikuwa futi elfu moja, na Edrine alikuwa amemwambia, "Mimi sina neno. Mwulize mke wangu."

Damu ilinipanda. Sikumkasirikia Majur, mtu anayeoa hana akili, hilo linajulikana. Nilimkasirikia aliyemtuma.

"Mama, fanya elfu moja," Majur akasema, kwa sauti ileile watu wanayonunulia samaki. "Sisi iko tatu tu. Kalas, basi."

Hapo ndipo alipokosea. Alidhani futi ni debe la maharage, nami nimeuza katika soko hili miaka tisa.

"Elfu mbili," nikasema.

"Mama! Ilikuwa elfu moja mia tano!"

"Ilikuwa."

"Elfu moja mia mbili, na mimi naita wewe kwa harusi."

"Elfu mbili na mia tano."

Wanawake wa vibanda jirani waliacha wateja wao, wakaja kunishangilia. Majur akampigia Adau, akaweka spika, akidhani sauti ya bibi harusi itanilainisha.

"Adau, ongea na mama huyu. Yeye nakataa ndege."

"Kwa nini anakataa?"

"Mawingu yako chini," nikamjibu mwenyewe. "Na rubani ni mume wangu. Naogopa, mwanangu."

Sikuwa nimepanga kulisema hilo mbele ya soko zima.

"Majur, baki huko," Adau akasema. "Wazee niachie mimi. Wakikasirika, wamkasirikie mtu aliye hai."

Majur akaketi juu ya gunia langu, suti na matope yake, akaomba chai. Nikampa. Kisha nikampigia Edrine, nikiwa na matusi ya kumtosha wiki nzima.

"Umekataa?" akauliza kabla sijafungua kinywa.

"Nimekataa."

Akashusha pumzi ndefu.

"Asante, Lillian. Mizigo tulishapakia. Mimi nilikuwa nimeshasema ndiyo mara mbili."