Semeni, Mlango Uko Wazi

Baba yetu, Nestory, alifariki mwaka mmoja baada ya Babati kufanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara. Alikuwa fundi mwashi. Mji mzima ulikuwa unajenga na kazi zilimfuata mpaka nyumbani, lakini mwili ulimkimbia. Alianza kwa kukohoa, kisha akashindwa kupanda jukwaa, kisha akashindwa hata kukaa. Mimi nilikuwa na miaka saba. Mdogo wangu Marseli alikuwa na minne.

Wiki tatu baada ya mazishi nilikwenda kuteka maji kwenye bomba la mtaa wetu, Bagara. Niliweka ndoo yangu kwenye foleni. Jirani yetu Mama Rosa akaisukuma pembeni kwa mguu.

"Watoto wa miwaya mteke mwisho," alisema.

Sikujua miwaya ni nini. Nilirudi nyumbani na ndoo tupu, nikamwuliza mama. Mama yangu, Kandida, alikuwa anashona sketi ya shule. Alisimamisha cherehani, akanigeukia.

"Ni UKIMWI, ugonjwa uliomuua baba yako," alisema. "Na mimi ninao. Nimepima. Ninyi wawili mmepimwa, hamna. Ndiyo hivyo, Brightness. Sasa umesikia kwangu, usiende kuuliza kwa mtu mwingine."

Kesho yake asubuhi alitusimamisha sebuleni, tumeshanawa uso, mimi na sare, Marseli na kaptula yake moja. Akafungua mlango wa mbele, ule unaotazama barabara, akauwekea jiwe usijifunge.

"Kila siku, kabla hujatoka, utasema maneno haya," alisema. "Mimi ni mtoto wa Mungu. Mungu hakukosea kuniumba. Yesu ananijua kwa jina. Jina baya la watu si jina langu."

Tuliyasema. Marseli, kwa ulimi wake wa miaka minne, akasema, "Mungu hakukosea kuniimba." Nilicheka, nikataka kumsahihisha. Mama akaninyamazisha kwa kidole.

"Mwache. Hajakosea sana. Haya, tena, kwa sauti."

"Mama, watu wanapita."

"Ndiyo maana nimefungua."

Siku ya nne Mama Rosa alikuja mwenyewe. Alisimama uani, hakutaka kuingia.

"Mama Brightness, hizo kelele za asubuhi ni za nini? Watoto hawasifiwi hivyo. Wataota pembe."

"Wengine wanawaambia watoto wangu wao ni nini, Mama Rosa," mama alijibu bila kuacha kufagia. "Na mimi nawaambia. Tuone watamwamini nani."

Tukaendelea. Kuna asubuhi nilichoka nayo, nakiri. Niliyasema haraka haraka nikitazama miguu yangu. Mama alinishika kidevu, akanirudisha mwanzo.

Siku ya arobaini, ya kumaliza matanga, baba mkubwa Paskasi, kaka yake baba, alikuja kutoka Sigino na bibi yetu Bernadina, mama yake baba. Alikuwepo pia shangazi Romana wa Bonga. Walikunywa chai, wakasali, kisha Paskasi akajikohoza.

"Shemeji, tumekaa kama familia. Brightness ataenda Bonga kwa shangazi yake, amsaidie kulea. Marseli ataenda kwangu, kuna ng'ombe. Wewe urudi kwenu, ukapumzike."

"Nikapumzike nini?" mama aliuliza.

Shangazi Romana alitazama kikombe chake.

"Sijafa, shemeji," mama alisema. "Mnanizika nikiwa nimeketi hapa, na chai nimewachemshia mimi."

"Tunapanga kabla mambo hayajaharibika. Hali yako unaijua."

"Naijua. Nimepima, sijafichwa na mtu. Lakini mkiwatawanya hawa, mmoja huku, mmoja kule, nani atawaambia kila asubuhi wao ni nani?"

Paskasi alicheka kidogo. "Watoto wanakula ugali, shemeji. Hawali maneno."

"Ugali wanapata. Na maneno wanayapata. Mwenye njaa hapa ni nani?"

Bibi Bernadina akagonga fimbo sakafuni. "Usimjibu hivyo mkubwa wako," alisema.

"Nisamehe, mama. Lakini watoto siwatoi."

Paskasi hakubishana tena. Alimgeukia Marseli, akamnyooshea mkono. "Njoo, mzee mwenzangu. Twende tukaone ndama."

Marseli alipenda ng'ombe kuliko kitu chochote duniani. Alitoka kwenye mapaja ya mama, akaenda. Mama hakumzuia. Niliona vidole vyake vikikamata ncha ya kanga mpaka vikabadilika rangi. Nilitaka kusema kitu. Mimi ndiye niliyekuwa najua maneno yote bila kosa, na hakuna hata moja lililotoka.

Paskasi alimpakata, akawaambia wenzake, "Mnaona? Atazoea. Mtoto wa miwaya hachagui pa kulala."

Marseli akamgeukia, akamtazama usoni kwa karibu kabisa.

"Hilo siyo jina langu," alisema. Akateleza, akashuka. "Mungu hakukosea kuniimba."

Akarudi kwa mama.

Bibi Bernadina aliinamisha kichwa. "Amesema Mungu amemwimba?" aliuliza.

"Ndivyo anavyosema," mama alijibu.

Bibi akafuta macho kwa upindo wa shuka lake. "Paskasi, twende," alisema. "Leo tuwaache."

Paskasi aliondoka na baiskeli ya baba, mwiko wake wa kujengea, na pimamaji yake. Alisema ni vitu vya ukoo. Mama alisimama mlangoni akamtazama akivifunga kwa mpira. Miaka miwili hakukanyaga kwetu.

Asubuhi iliyofuata, baada ya maneno yetu, mama alichukua ndoo mbili. "Tunaenda bombani," alisema.

Ilikuwa saa ambayo foleni ni ndefu. Mama aliweka ndoo yake mahali pake. Mama Rosa akaisogeza. Mama akairudisha. Mama Rosa akaisogeza tena, na mama akairudisha tena, taratibu, kama mtu anayepanga vyombo.

"Brightness," alisema. "Sema."

Watu wote walikuwa wananitazama. "Mimi ni mtoto wa Mungu," nilianza, na sauti ikakatika. Mama hakunisaidia. Alisubiri tu. Nikaanza upya, nikayasema yote manne mpaka mwisho, nikimtazama Mama Rosa.

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akaguna. Kisha Hanifa, mke wa mwenye duka la vitambaa ambaye barazani kwake mama alikuwa anashonea, akatoka mbele ya foleni na ndoo yake iliyokuwa imekaribia zamu. Akaiweka nyuma ya ndoo yetu, karibu mpaka zikagusana.

"Mimi niko nyuma ya Mama Brightness," alisema. "Nani yuko nyuma yangu?"

Mzee mmoja akasogeza dumu lake. Akafuata msichana mwenye beseni. Mama Rosa alibaki peke yake pembeni, kisha naye, kwa kuwa maji aliyahitaji, akaja akapanga.

Si kwamba walitupenda siku hiyo. Wapo waliosuuza bomba baada yetu kwa miezi mingi. Mama aliendelea kuteka maji, wao wakisuuza. Dawa zilipoanza kutolewa, alipanga foleni ya dawa vilevile, mchana kweupe, akiwasalimia wote kwa majina, hata wale waliojifunika nyuso. Nywele zake sasa zina mvi. Wiki iliyopita aligombana na fundi wa bati mpaka mtaa mzima ukasikia, na akashinda.