Kuku Aliyemeza Nyuzi

Mama mkwe alipofiwa na mumewe akaja kuishi na mwanawe, alikuja na sanduku moja na kuku mmoja. Vitu vingine vyote aliwagawia ndugu. Habari ya kumtoa kuku hakutaka hata kuisikia. Alikuwa jike mweusi mwenye madoa meupe shingoni, na pale nyumbani walimwita Mkaguzi, kwa jinsi alivyokuwa akipita uani kutwa, kichwa kainamisha upande, akikagua ndoo, kuni na vidole vya watu kana kwamba kuna kosa analitafuta.

Mke wa mwanawe alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mumewe. Alishonea barazani nyuma ya nyumba, na jioni alifagia vipande vya kitambaa na nyuzi akavisukumia uani.

Jumatano asubuhi mumewe alimpeleka mama yake hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Bibi alikuwa ameshafika mlangoni aliporudi nyuma hatua mbili.

"Mke wa mwanangu, Mkaguzi jana jioni hakuja kunisumbua. Si kawaida yake. Mwangalie."

"Nitamwangalia, mama. Nendeni salama."

Hakumwangalia. Alikuwa na sketi arobaini za shule za kukunja pindo, na zilitakiwa kesho yake. Saa tatu zilipopita ndipo alipokumbuka. Alimkuta Mkaguzi nyuma ya pipa la maji, amejikunyata, manyoya yametutumka, akifungua mdomo na kuufumba bila sauti. Alimtupia punje za mahindi. Kuku alidonoa moja, akaitema.

Fundi alimpakata, akampapasa. Chini ya shingo, pale kwenye kifuko cha chakula, palikuwa na donge gumu kama limau bichi. Alimpigia simu muuza chakula cha mifugo wa pale kona.

"Amekula leo?" yule bwana aliuliza.

"Hajala kitu."

"Basi asubuhi kifuko kile kingekuwa kitupu. Chakula kimekwama. Mpe maji ya vuguvugu kidogo kidogo, na matone ya mafuta ya kula. Halafu umkande taratibu. Ila nakuomba, usimgeuze kichwa chini kama wafanyavyo watu. Maji yatapita njia ya hewa, utamzika leo leo."

Fundi alichemsha maji, akayapoza, akamdondoshea kwa kijiko. Akamkanda. Akarudi kwenye cherehani, akashona pindo moja, akainuka. Akamkanda tena. Donge lilikuwa lile lile. Alirudi kushona, sindano ikavunjika. Aliweka nyingine, akashona sketi ndani nje, akaifumua. Kila dakika tano alikuwa wima. Barazani hapakaliki, uani hapakaliki. Alitazama simu, kimya.

Ilipolia karibu aidondoshe kwenye maji.

"Mama ameingizwa ndani," mumewe alisema. "Swali lake la mwisho lilikuwa kuku."

"Kuku... anaumwa. Chakula kimemkwama."

Mumewe alishusha pumzi. "Fundi, yule kuku ni mzee. Mchinje, tutamwambia mama..."

"Tutamwambia nini? Kwamba amehama?"

Alikata simu. Akamfungua Mkaguzi mdomo ampe maji mengine, na hapo ndipo alipouona. Chini ya ulimi palikuwa na uzi umejizungusha, ncha yake imeingia kooni. Uzi wa bluu. Aliuvuta kidogo tu. Kuku akaruka kama aliyechomwa, naye akauachia haraka.

Hakuhitaji kuambiwa umetoka wapi. Sketi zote arobaini zilikuwa za bluu, na wiki nzima amekuwa akifagia nyuzi kuelekea uani.

Alikaa chini sakafuni. Hakuna aliyeona ila yeye. Mkasi ulikuwa pale pale mezani. Angeukata uzi ule usionekane, akasema uzee, siku zimefika. Nani angebisha? Aliushika mkasi, akauweka. Akaushika tena. Kisha akamtia kuku ndani ya kikapu, akamfunika kwa kipande cha sketi, akatoka karibu mbio. Mlango hakuufunga.

Daktari wa mifugo alikuwa dada mmoja mwenye buti za mpira na maneno machache. Alipapasa, akatikisa kichwa.

"Hili halikandiki. Lazima nipasue. Anaweza kupona, anaweza asipone. Utamshika?"

"Nitamshika."

Daktari alimchoma kuku sindano ya ganzi, akanyonyoa manyoya kidogo, akapasua ngozi, kisha kifuko chenyewe. Harufu ya uchachu ikajaa chumbani. Kwa koleo ndogo akaanza kuvuta: majani makavu, halafu uzi, na uzi, na uzi, donge zima lililosukwa kama kiota.

"Huyu alikuwa anashona sare humu ndani," daktari alisema.

Fundi alitaka kucheka, machozi yakamtoka badala yake. Daktari alishona kifuko kwanza, kisha ngozi. Mishono ilikuwa imepinda, na Fundi aliuma mdomo asiseme.

Jioni mama mkwe alirudi, jicho moja limefunikwa bandeji, mwanawe kamshika mkono. Hakukaa.

"Yuko wapi?"

Mkaguzi alikuwa ndani ya boksi jikoni, kafumba macho. Fundi alipiga magoti kando yake, akasema yote bila kupumzika: nyuzi, ufagio, kisu cha daktari. Hata mkasi aliutaja.

Bibi aliuachia mkono wa mwanawe. Akainama, akaingiza mkono ndani ya boksi.

"Baba yenu alikuwa akimlisha mkononi kila alfajiri," alisema. "Tangu aondoke, ni huyu tu anayejua saa ninayoamka."

"Nisamehe, mama."

"Nimekasirika. Usinibembeleze. Niache na hasira yangu mpaka kesho."

Kesho yake asubuhi, Fundi alidhani ameamka wa kwanza, akamkuta bibi keshachuchumaa mbele ya boksi. Daktari alisema wampe uji mwepesi na wangoje choo; kisipopatikana, wamrudishe. Walingoja. Bibi alizunguka jikoni, Fundi alizunguka barazani, wakapishana mlangoni mara kumi bila kusemeshana.

"Wewe mwenye macho mawili," bibi alisema hatimaye, "hebu tazama. Kuna kitu?"

Fundi alifunua boksi. Akapiga kelele hata mumewe akatoka na povu la sabuni usoni.

"Kipo! Mama, kipo! Tena kikubwa!"

Sketi zilichelewa siku moja kufika shuleni, na mwalimu mkuu alinuna. Hasira ya bibi haikuisha kesho yake kama alivyoahidi. Ilifika hadi Jumapili. Siku hiyo, bila kuitwa, alivuta kigoda hadi barazani, akakaa karibu na cherehani na kuanza kuokota nyuzi sakafuni, moja moja, akizisogeza karibu na jicho lake jipya ili azione vizuri.

"Hii hapa," alisema. "Na hii. Wewe shona."