Mlango wa Uani wa Rahma

Bakari, mkuu wa zamu, alikwisha kuapa mbele ya watu, na kiapo cha mwanamme mwenye kitambi hakisahauliki: siku mwanamke atakapoiunga ile swichi kubwa ya kituo cha umeme, yeye atakaanga vitumbua. Rahma, binti wa mvuvi Hamad wa kisiwa cha Fundo, alikisikia, akakaza mtandio wake. Leo ndiyo siku yake ya mwisho ya majaribio ya kazi hapo kituoni. Akikosea, anarudi kwao kuchokoa pweza.

Saa nne asubuhi transfoma ya kwanza ikapiga ukelele, ikafuka moshi. Nusu ya mji ikazima. Simu ikalia: Asya wa kiwanda cha barafu.

"Rahma weye! Samaki wote wa Fundo wamo humu! Babako kasimama mlangoni na jodari wake, na barafu yaanza kuyeyuka!"

Mle kituoni mna mapao mawili ya shaba yanayougawa umeme mjini, kila moja na transfoma yake inayolilisha. Kati yao ndipo ilipo swichi ile. Kwa Rahma ulikuwa mlango wa uani baina ya majirani: siku zote umefungwa, jiko lako likizima unaufungua, unaomba moto.

"Unga!" Bakari alifoka. "Wangoja nini, posa?"

"Ami Bakari, humu mna ng'ombe kichaa. Nikifungua mlango naye hajafungwa, si ataingia kwa jirani akavunje vyungu?"

Maana alikwisha kuiona taa nyekundu: transfoma mgonjwa ilikuwa bado imeshikana na pao lake. Akiunga sasa, itaunyonya umeme wa mwenziwe, na mji mzima uzime. Akaikata, akaitia kufuli. Akatazama mzigo wa umeme wa ile transfoma nzima, akapiga simu pampu za maji zipumzike kidogo. Mama mmoja hanyonyeshi watoto wa wawili bila kupangiwa zamu.

Bismillahi. Akaunga.

Tap! Mshale wa kipimo ukapanda, ukatetemeka, ukatulia. Simu ikalia tena, lakini Asya hakusikika kwa vigelegele na mngurumo wa mashine. Sauti moja tu ilipenya, ya mzee Hamad: "Wangu huyo! Wangu!"

Bakari alikuna kitambi.

"Hivyo vitumbua... hutiwa hamira?"

"Hutiwa, ami. Na iliki. Na tui zito, usinibanie."

Vilitoka vyeusi, vigumu kama kokoto. Rahma alikula vinane, kimoja kimoja, akimtazama usoni.