Mwangaluka Kwenye Skrini

Kabula aliapa kwamba hafuti. Hata Masele aje na trekta, hafuti!

Masele, kaka yake mkubwa, alisimama katikati ya intaneti kafe yao mpya pale Somanda, shati limenyooshwa pasi, CD ya programu ya kunakili mkononi. Wageni wa ufunguzi walishaanza kuegesha baiskeli nje. "Toa huo uchafu, Kabula! La sivyo narudisha programu ya zamani sasa hivi."

Uchafu wenyewe ulikuwa huu. Kompyuta zao zilitumia Linux, programu huria ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuichokonoa. Ukiwasha mashine, kinachotangulia ni menyu ya kuanzia: weusi mtupu na maandishi meupe ya Kiingereza. Kabula alichoka nayo. Akaweka picha ya ng'ombe wekundu wa shangazi Nyanjige kule Ngulyati, na juu yao, kwa herufi kubwa, MWANGALUKA, salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Tena akaondoa ile hesabu ya sekunde, menyu ingoje mpaka mtu abonyeze. Wapi umeona mtu akakusalimu asubuhi, kisha akakupita kabla hujaitikia?

"Watatucheka! Kisukuma kwenye kompyuta? Sisi washamba?"

"Na wacheke mpaka mbavu ziwaume! Nyumbani unasalimia kwa lugha gani, kaka?"

Shuleni Masele aliwahi kuvishwa kibao shingoni kutwa nzima, kwa kumwitikia mwenzake kwa Kisukuma. Tangu hapo, mbele za watu, hakukitamka tena. Kabula alilijua hilo, na lilimuuma, lakini hakulegea.

"Kile kibao walikuvisha wao," alisema. "Wewe mimi hunivishi."

Masele akaisogelea mashine aichomeke CD. Mara shangazi Nyanjige akaingia, akawaona ng'ombe wake.

"Ehee! Si hawa wangu!" Akafuata herufi kwa kidole, kisha akaitikia kwa sauti nene, "Mwangaluka!" Wageni nyuma yake wakaitikia wote. Hakuna aliyecheka.

Skrini ikabaki vilevile.

"Mbona haiendi?" Masele alinong'ona.

"Wewe hujaitikia."

Masele akawatazama watu. "Mwangaluka," alisema chinichini.

Kabula hakugusa kitu. "Kwa sauti, kaka. Hapa hakuna mwalimu."

Masele akaiweka CD mezani. Akavuta pumzi, akaitikia mpaka waliokuwa barabarani wakageuka.

Ndipo Kabula akabonyeza.