Nyumba Isiyopigwa Hodi

Kama kuna nyumba hapa Mkunya ambayo mzee hawezi kuanguka ndani yake, ni hii yangu. Anayebisha aje aikague. Nitamshukuru sana, maana ukimtoa Nurdin, ambaye huja kwa sababu ni kazi yake, atakuwa mtu wa kwanza kuingia humu tangu mikorosho ianze kuangusha korosho.

Mguu wangu wa kushoto ulilegea mwaka juzi, baada ya kiharusi. Kichwa kilibaki kizima, na mdomo pia. Wapo wanaosema mdomo ulizidi. Mke wangu hayupo tena duniani. Binti yangu Dominika yuko Masasi na mumewe na duka lao. Natembea kwa fimbo, napika uji wangu, nafua shati langu. Watu wakiniuliza nawezaje kuishi peke yangu, nawajibu kwamba ni raha tupu, hakuna wa kunisema chumvi ikizidi. Jibu hilo huwachekesha. Mimi lilishaacha kunichekesha zamani.

Nilianguka mwezi wa nane, alasiri. Nilikuwa nimekaa ua wa nyuma, nikasikia hodi upande wa mbele. Sauti niliijua. Ilikuwa ya Mama Mahmudu, jirani yangu wa ng'ambo ya njia, mjane. Huyu alikuwa na kawaida ya kuja akishaswali alasiri, na bakuli la ming'oko, mizizi ya porini iliyochemshwa. Anakaa kwenye kigoda, tunamenya, tunawasema watu mpaka jua lipoe. Nikaitikia karibu. Lakini sauti yangu siku hizi haifiki mbali, na yeye masikio yake ni ya umri wake. Akapiga hodi ya pili. Nikaitikia tena, nikainuka.

Ikaja ya tatu. Kwetu mtu akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, anageuka anakwenda zake. Ndivyo tulivyolelewa, na anayeendelea kubisha huonekana hana adabu. Nikajua anaondoka. Nikaharakisha. Koridoni kulikuwa na madumu ya maji, yamepangwa toka mlango wa nyuma hadi wa mbele, maana maji huku juu mlimani tunayanunua na hakuna mwenye akili anayeacha dumu nje. Mguu mbovu ukajikwaa kwenye dumu, nikaenda chini mzimamzima. Mama Mahmudu alisikia kishindo, akarudi akipiga yowe. Sikuvunjika. Nyonga ilivimba, na bega likawa jeusi.

Dominika alifika kesho yake, macho mekundu.

"Baba, ukianguka tena nakuchukua Masasi. Sitaki ubishi."

"Sijabisha."

"Unabisha kwa macho."

Masasi nilishakaa, baada ya kile kiharusi. Sina ugomvi na watu wa huko, ni wema. Lakini asubuhi kila mtu hutoka, geti likafungwa, nikabaki na televisheni inayopiga kelele kuhusu watu nisiowajua. Jioni wanarudi wamechoka, wananiamkia, wanakula, wanalala. Hapa Mkunya hata nikinuna, watu wanajua nimenunia nini. Kule hakuna aliyewahi kugundua kwamba nimenuna. Kwa hiyo hofu yangu haikuwa kuanguka. Hofu yangu ilikuwa kuanguka halafu kuhamishwa.

Basi nikakubali kila kitu. Madumu yalihamishiwa pembeni jikoni. Kizingiti cha mlango wa nyuma kilivunjwa, sakafu ikasawazishwa. Fundi alichimbia nguzo toka chumbani hadi chooni na kuzifunga miti ya kushika, hata mlevi angefika salama. Kandambili zangu zilitupwa, nikanunuliwa viatu vya mikanda. Taa ya sola ikawekwa kando ya kitanda. Baraza la mbele nilikatazwa kabisa, kwa sababu liko juu na ngazi zake zimelika, nalo fundi angelirudia mavuno yakishauzwa.

Mwenye kusimamia hayo yote alikuwa Nurdin, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, kijana mwenye heshima zake. Alinifundisha kuamka: kwanza nikae ukingoni mwa kitanda, nikanyage chini kwa miguu yote miwili, kizunguzungu kipite, ndipo nisimame. Kisha akaniuliza swali ambalo hata binti yangu hakuwa ameniuliza.

"Babu, ulipoanguka ulikuwa unakwenda wapi?"

"Mlangoni. Kulikuwa na hodi."

"Ulikuwa unakimbia?"

"Nikimbie na mguu huu?"

"Basi ulikuwa na haraka."

"Nilikuwa na haraka."

Dominika alitazama pembeni. Nurdin akasema kwamba madumu yalisaidia tu, kilichoniangusha ni haraka ya kuwahi mlango. Hapo alisema kweli. Ila dawa aliyoitoa ndiyo iliyoniumiza kuliko ugonjwa. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wasinipigie hodi. Mwenye shida azunguke uani taratibu, ataniona nimekaa, amalize shida yake. Hodi inamwinua mzee, akawaambia, na akiinuka ataanguka.

Watu wa Mkunya ni wasikivu. Hodi ziliisha siku hiyohiyo.

Lakini huyo Nurdin alisahau kwamba amezaliwa hapa. Nani kati yetu anaweza kuzunguka uani kwa mtu mwingine bila hodi? Mwizi anaweza, na kuku. Mtu aliyelelewa hawezi. Kwa kuwa hodi imekatazwa, na kuingia bila hodi ni aibu, kila mtu aliona njia pekee ya kunitendea wema ni kupita moja kwa moja. Nilikuwa nawasikia kutoka uani. Wanakuja wakiongea, wakifika mbele ya nyumba yangu wanashusha sauti, wakishavuka wanaipandisha tena. Ndivyo watu wanavyopita mbele ya nyumba yenye msiba.

Nilikuwa mpweke. Nimelitafutia neno lingine, la kiume zaidi, sikulipata. Nilishika miti yangu nikaenda chooni, nikashika miti yangu nikarudi. Uji niliupika nikaunywa mbele ya kile kigoda kitupu. Siku nyingine nilifika jioni nikagundua kwamba sijatamka neno toka asubuhi, nikalazimika kumtukana kuku ili nijue kama sauti ipo.

Nurdin alipokuja siku moja, alikohoa kwanza uani ndipo akatokeza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umeniua, Nurdin."

Alicheka akidhani ni utani wangu. Nikamuuliza habari za Mama Mahmudu, kama anaumwa. Akasema haumwi.

"Nilimwambia azunguke uani tu. Akaniambia hawezi kuingia nyumba ya mwanamume bila hodi, kwani yeye paka?"

"Hapo amesema."

"Na hodi hapigi tena, babu. Anasema hodi yake ndiyo iliyokuangusha. Alikuwa analia."

Nurdin alinipima presha, akasema iko juu kidogo, akauliza kama napunguza chumvi.

Kesho yake alasiri nilivaa viatu vya mikanda na shati la kanisani. Nilipita koridoni taratibu, nikafungua mlango wa mbele, nikatokea kwenye baraza nililokatazwa. Ngazi zilikuwa zilezile, zimelika, hakuna cha kushika. Kwa mawazo nilimwona Dominika mbele yangu kabisa akifunga nguo zangu kwenye begi. Nikakaa ukingoni, nikashuka kwa makalio kama mtoto, ngazi moja baada ya nyingine, nikimwomba Mungu asipite mtu. Hakupita mtu. Chini nilijiinua kwa fimbo na ukuta, suruali imejaa vumbi, nikavuka njia. Mchanga wa njia yetu ni laini na fimbo inazama. Nilisimama mara nyingi. Nilipofika kwenye mlango wa Mama Mahmudu shati lilikuwa limelowa jasho, na mguu mbovu ulikuwa unacheza wenyewe.

"Hodi," nikasema.

Kimya. Nikavuta pumzi.

"Hodi!"

Ndani nikasikia kigoda kikisukumwa. Bakuli likaanguka likabiringika sakafuni. Kisha nikasikia miguu, miguu mitupu ya mtu mzima, inakuja mbio bila mpangilio, na mkono unapapasa ukuta. Nami ningejuaje kwamba hata katika nyumba hii hodi ilikuwa imeadimika? Mwanawe Mahmudu yuko Mtwara na familia yake. Mimi ndiye niliyekuwa na mgeni kila alasiri. Yeye alikuwa na nani?

"Usikimbie!" nikapaza sauti mpaka koo likauma. "Mama Mahmudu, usikimbie! Ni mimi, Baba Dominika!"

Miguu ikasita.

"Baba Dominika?"

"Ndiye. Njoo polepole. Siondoki."

Nilisikia akihema, pale karibu na mlango.

"Kweli huondoki?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Siondoki."

Nikashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, fimbo nikaiacha ianguke. Ndani alianza kutembea tena, taratibu sasa, hatua na kupumzika. Alichukua muda mrefu sana. Nilimngoja.