Foleni Iliyovuka Barabara

Siku ya mizani, watoto wanapopimwa uzito, kliniki yetu huwa ya wanawake peke yao. Kwa hiyo Ngazi alipoinama kuingia mlangoni, mtoto kamfunga mgongoni kwa kitenge, benchi zima tuliangua kicheko.

"Shemeji, umenyonyesha kabla ya kuja?" nikamuuliza. Mdomo wangu haujui kukaa kimya.

"Nimenyonyesha, dada, lakini hayatoki vizuri. Una akiba?"

Tulishika mbavu. Ngazi ni mpaka rangi, mrefu hata dari hulipaka akiwa amesimama chini. Mkewe ni fundi cherehani, kibanda chake kinatazamana na dirisha la kliniki, ng'ambo ya barabara. Kwa mara ya kwanza alikuwa amepata oda ya sare za shule nzima, na mwalimu mkuu angezifuata saa sita. Zisipokuwa tayari, kazi inakwenda kwa fundi mwingine.

Nesi akampima mtoto. "Kaongezeka vizuri. Mama yake yuko wapi?"

"Kazini."

"Basi ruzuku yenu ya mwezi huu imekatika."

Kicheko kikakauka. Ruzuku ile huingia kwenye simu mama akishaleta mtoto kupimwa na kubonyeza kidole gumba kwenye kimashine cha nesi. Mama, si mwingine. Waliopanga mambo hayo walitufikiria vyema: pesa ikipita kwetu hufika kwenye sufuria. Ila hawakuota kwamba mama naye anaweza kuwa na kazi. Kwao tumekaa tu kutwa, tunasubiri kuitwa.

"Mimi je, nesi? Ni mpita njia tu?" Ngazi alisema. "Vidole kumi hivi hapa, chukua upendacho!"

"Kimashine hakikujui. Kamwite, saa sita kinafungwa."

Akatoka mbio, mtoto anarukaruka mgongoni na kucheka. Tukajazana dirishani kama tunatazama mpira. Sauti ya Fundi ikavuka barabara: "Nikiinuka oda imekwenda! Nisipoinuka ruzuku imekwenda! Nijipasue katikati?"

Nikamgeukia nesi. "Kwani hicho kimashine kimejengewa ukutani?"

"Hapana. Lakini siwezi kuacha foleni."

"Foleni, mnaachwa?"

"Hatuachwi! Tunakwenda naye!" Mama wa mapacha alishakuwa mlangoni.

Nesi akatutazama, akatazama saa, akakikumbatia kimashine chake kama trei ya mayai. "Mizani ibebeni wenyewe!"

Tukavuka, watoto wanalia, mizani juu ya kichwa cha mama mmoja. Dereva wa lori akafunga breki. "Harusi ya nani?"

"Ya kidole gumba!" nikamjibu.

Kibandani, Fundi alinyoosha mkono wa kushoto bila kutoa mguu kwenye pedali. Kimashine kikawasha taa nyekundu. Kidole kimejaa chaki ya kukatia. Ngazi akakifuta kwa shati lake. Nyekundu tena.

"Shati lenyewe lina rangi, unampaka mwenzio!" nikafoka, nikakwapua nepi safi, nikakisugua kidole kile mpaka mwenyewe akapiga yowe.

Kijani!

Tulipiga vigelegele hadi lori likapiga honi. Na hakuna aliyerudi kliniki. Mwenye sindano alishona vifungo, mwenye meno alikata nyuzi, Ngazi akakunja mashati huku mtoto amelala mgongoni, na nesi akaweka mizani juu ya meza ya kukatia: "Anayefuata!"

Mwalimu mkuu aliposhuka garini, shati la mwisho lilikuwa bado la moto kwa pasi. Oda aliituma kwa karani, fundi hakuwahi kumwona; akahesabu, akatabasamu, akampa Ngazi mkono.

"Hongera, fundi! Muhula ujao utaweza na suruali?"

"Mimi hapa nakunja na kulea tu," alijibu Ngazi. "Ya oda zungumza na bosi."

Mwalimu akageuka. Fundi alishainua kichwa, uso unang'aa jasho na furaha.

"Suruali naziweza," alisema. "Ila usiniletee siku ya mizani. Mume wangu ana kliniki."