Kilima Alichokitunga Mwalimu Elinami

Mwaka 1956 kwaya moja ya Kikwe ilialikwa kuimba Mwanza. Wenyeji waliandika kwamba wana vitanda kumi na viwili tu, hivyo wageni wasizidi hapo, na kwamba baada ya ibada ya Jumapili wageni wangekuwa na siku nzima ya kupumzika. Mama Eunike, aliyeimba sauti ya kwanza tangu ujana wake, ndiye aliyetoa wazo: siku hiyo wapande feri wavuke kwenda Ukerewe, wakatembee kisiwani. Alikuwa ameishi maisha yake yote chini ya Mlima Meru, na hakuwahi kuona maji yasiyo na ng'ambo.

Kupanga matembezi aliachiwa Mwalimu Elinami, kiongozi wa kwaya, kwa kuwa alisema kisiwa anakijua tangu wakati wa vita. Kwa kweli lori lao la jeshi lilipita tu Mwanza, na yeye ziwa aliliona akiwa ufukweni, anafua soksi.

Wanakwaya walikutana darasani kwake. Akachora ubaoni gati, kijiji na njia.

"Mwalimu, njia ikoje?" Mama Eunike aliuliza. "Mguu wangu unaujua."

Aliujua. Mwaka uliotangulia walipokwenda Ziwa Duluti, walisimama kumngoja mara nyingi mpaka mvua ikawakuta njiani. Elinami hakutaka hayo yajirudie, wala hakuwa na ujasiri wa kumwambia. Akachukua chaki, akachora kilima.

"Ni mwinuko mkali, mama. Mawe matupu. Na feri ya kurudi haimsubiri mtu."

Mama Eunike akakitazama kile kilima, akacheka kidogo. "Basi mtanisamehe na mguu wangu huu. Kama kisiwani sifiki, nafasi yangu apewe Maria aliyekosa kitanda."

Wiki iliyofuata alikuja na mgeni, seremala wa shamba moja la kahawa huko Usa River.

"Huyu kwao ni Ukerewe," alisema kwa furaha. "Nimemleta awaonyeshe namna ya kukipanda kile kilima, asije mtu akaumia."

Seremala akautazama ubao. "Kilima gani?"

Mama Eunike akamwonyesha kwa kidole.

"Hapa ni tambarare," akaendelea. "Mama yangu ni mzee, na hupita hapa na kikapu cha samaki kichwani." Kisha, alipoona nyuso zao, akasema kwa upole, "Labda mwalimu alipita njia nyingine."

"Ndiyo," Elinami alisema haraka. "Njia nyingine."

Kesho yake asubuhi alimfuata Mama Eunike shambani, akamkuta akichuma kahawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Sijawahi kufika Ukerewe. Kile kilima nilikitunga ili usije."

"Nilijua jana, uliposema njia nyingine." Hakuacha kuchuma. "Ungeniambia tu, mama, unatuchelewesha. Ningelia siku moja, yakaisha. Wewe umenifanya niombe radhi mbele za watu kwa ajili ya mguu wangu."

Elinami akasema, "Nenda wewe, mama. Chukua nafasi yangu, mimi nitabaki. Susana hunisaidia mazoezini, anaweza kuongoza nyimbo."

"Nitakwenda. Lakini sababu ya kubaki kwako utawaambia mwenyewe."

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Jumamosi alisimama mbele ya kwaya akaeleza yote, vita, soksi, chaki. Alisimama kama mwanafunzi aliyeshikwa akiibia mtihani. Mzee Thomasi, mwimbaji wa besi, aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemkemea. Elinami alitamani wamkemee.

Siku ya safari alimbebea Mama Eunike kikapu mpaka barabarani. Mama huyo alipopanda basi, alimwambia "asante" kama mtu anavyomshukuru mpita njia.

Waliporudi, Susana alimsimulia kwamba kisiwani Mama Eunike alipumzika mara nne, na kila mara wote waliketi naye wakaimba, watu wakatoka majumbani kuwasikiliza. Feri ya jioni waliiwahi.

"Tulifurahi sana, mwalimu," alisema, kisha haraka akaulizia mazoezi, kama aliyejikwaa ulimi.

Elinami alirudi kuongoza kwaya. Lakini kwa miezi mingi, kila alipoinua mkono kuingiza sauti ya kwanza, upande aliosimama Mama Eunike, alitazama dirishani.